Pinterest hailipiwi
Pinterest, ule mtandao wa kutafutia picha za mawazo ya mapambo na vitu vingine, ni bure mkuu, aliyekwambia lazima ulipie ndo uone picha za kupamba sebule kakudanganya, unajisajili kwa email tu. Sisi tulivyomaliza kukarabati nyumba huku Nyegezi, Mwanza nilishinda humo wiki nzima, ukitafuta picha andika kwa Kiingereza zinakuja nyingi zaidi, na ukipenda kiti au pazia kwenye picha kuna alama ya kutafutia bonyeza hapo inakuletea vinavyofanana, fundi seremala umwoneshe picha yenyewe maana ukimwelezea kwa mdomo atakutengenezea anachojua yeye 😂. Ila rangi ya ukuta usiiamini ya kwenye simu, huku kwetu dirisha likiangalia ziwa jua la jioni linaingia lote na rangi inaonekana tofauti, paka kipande kwanza ukiangalie saa kumi na moja hivi.