Fundi wa Magari na Mashine ya Kusoma Hitilafu

Vijana wanaojifunza kazi katika gereji yetu hapa Nakuru huniuliza kama mashine ya kusoma hitilafu itawanyang'anya riziki. Huwaambia kwamba imekwisha kuchukua sehemu ya kazi, tena ile iliyolipa kwa urahisi zaidi. Enzi za kabureta, aliyejua kurekebisha mchanganyiko wa hewa na petroli kwa bisibisi na sikio hakukosa mteja. Leo magari mengi yanayoingia nchini ni mitumba kutoka Japani yasiyozidi miaka 8, nayo hupimiwa mafuta na kompyuta.

Hata hivyo, skana, yaani mashine hiyo ya kusoma hitilafu, si mganga. Chukua P0171, msimbo wa hitilafu ambao skana hutuonyesha mara kwa mara: unaeleza kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko petroli inavyohitaji, lakini hausemi kwa nini. Huenda mpira wa hewa umepasuka, sensa ya kupima hewa imeshika vumbi, au pampu ya mafuta imechoka. Nimewaona mafundi wakimnunulisha mteja sensa mpya ya oksijeni kwa sababu ndiyo iliyotoa taarifa, ilhali maskini ilikuwa ikisema kweli tupu. Mimi huanza na mipira: injini ikiwa bado baridi, naiwasha, kisha nanyunyiza kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio (dawa hii imedumu kuliko kabureta zenyewe), na mngurumo ukibadilika, najua hewa inapenyea hapo. Sikio, basi, bado lina kazi.

Tatizo kubwa ni malipo. Mteja amezoea kulipia spea anayoishika mkononi, si saa nzima ya kutafuta mpira wa bei ndogo uliopasuka. Taja ada ya uchunguzi kabla ya kufungua boneti, na usione haya, kwa kuwa usipoitoza utashawishika kumuuzia spea asiyoihitaji ili upate chochote.

Magari ya haibridi, yanayotumia petroli pamoja na umeme, ni habari nyingine. Betri kubwa ya Toyota Prius ina takriban volti 200, na nyaya za rangi ya chungwa unazoziona chini ya boneti zinaweza kuua. Desturi yetu ya kujifunza kwa kumtazama fundi mkuu na kujaribu haifai hapa. Tafuta mafunzo rasmi kwanza. Wakati huohuo, uliyejifunza kazini bila cheti, fanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, maana kampuni zenye magari mengi huuliza karatasi kabla ya kuuliza ujuzi.

Na mkinunua skana, changianeni mpate inayoonyesha data wakati injini inanguruma. Zile zinazosoma misimbo pekee, wateja wenyewe siku hizi wanazo kwenye simu.