Negativu yako siku hizi iko wapi?

Mwaka jana mama mmoja aliingia studioni kwangu hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, simu mkononi. Mumewe alikuwa amefariki usiku ule, akataka picha yake saizi ya A3 ya kuweka mbele ya jeneza. Picha yenyewe aliwahi kutumiwa na bintiye kwa WhatsApp. Nilipoikuza, uso wa mzee ulivunjika. Jicho la kushoto likabaki miraba michache ya kahawia na nyeusi. Nikauliza ya asili iko wapi. Binti alishaifuta, simu ilijaa.

Mimi nilianza enzi za mkanda wa filamu. Picha 36, na kila ukibonyeza unahesabu. Mikanda ya rangi ilipanda basi, ikavuka daraja la Karuma kwenye mto Nile, ikaoshwa Kampala. Negativu, yaani vile vipande vya mkanda uliooshwa ambapo cheupe huonekana cheusi, nilizitia kwenye bahasha zenye jina la mteja na tarehe, ndani ya boksi la viatu. Mpaka leo mtu akinijia na harusi ya mwaka 1998, naichomoa, naiinua kwenye mwanga wa dirisha, na bibi harusi yupo, shela lake jeusi tii, anasubiri kuchapwa upya.

Picha ya dijitali haishikiki hivyo. Ni hesabu: vidoti vya mraba, yaani pikseli, kila kimoja na namba zake tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kwa kawaida kuanzia 0 hadi 255. Kamera ya kwanza ya dijitali ya kubebeka, aliyoiunda Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975, ilikuwa na pikseli 10,000 tu, na iliandika picha moja kwenye kaseti kwa sekunde 23. Leo simu nyingi zinapiga pikseli milioni 12 na zaidi. Shida huanza njiani: WhatsApp huipunguza picha inapotumwa. Picha ya mzee ilinifikia ikiwa pikseli 960 kwa 1280. Ili karatasi itoke safi nahitaji kama 300 kwa kila inchi, na urefu wa A3 ni inchi 16 na nusu. Nilikuwa na 78 kwa inchi. Programu za kukuza zipo, lakini hubuni tu sura ya mtu, na mimi siwezi kumpa mjane uso wa kubuni.

Ndugu zangu, ile faili ya kwanza kutoka kwenye kamera ndiyo negativu yenu. Ukiituma, itume kama dokumenti, si kama picha. Ukitaka kuirembesha, rembesha nakala, maana JPEG, ile aina ya faili ya picha zilizo nyingi, kila ukiihariri na kuisevu upya inapoteza kidogo. Kabla hujafuta chochote kwenye simu, weka flashi moja nyumbani, nyingine kwa ndugu anayekaa mbali nawe, zenye jina na tarehe kama bahasha zangu.

Yule mama nilimchapia ndogo, urefu wa inchi nne na robo, nikaizungushia karatasi nyeupe ndani ya fremu kubwa. Waliokaa chini ya turubai la nyuma hawakuuona uso wa mzee.