Uliza Shangazi: Gari la dumu na chupa ya dawa ya nyanya

SWALI: Shangazi habari ya kazi. Mimi niko Tororo, nina watoto wawili, mmoja miaka 4 mwingine 7 na nina kababy ka mwaka mmoja. Mwalimu ametuma barua ati kila mtoto alete toy imetengenezwa nyumbani na vitu vya kutupa. Niko na dumu la mafuta ya kupika la lita 3, chupa za maji, vikopo vya Blue Band, na chupa moja ya dawa ya kupulizia nyanya, hiyo ndo wanaipenda juu ya rangi yake. Nimejaribu kupaka rangi kwa dumu lakini ikikauka tu inabanduka. Nisaidie, Ijumaa ndo siku ya kupeleka. (Mama watatu, Tororo)

JIBU: Pole na kazi mama. Hiyo chupa ya dawa iondoe mikononi mwa watoto leo leo, usingoje Ijumaa. Plastiki inanyonya dawa, hata uoshe mara kumi inabaki, na mtoto wa miaka 4 kila kitu kinapitia mdomoni. Ioshe mara tatu huko shambani, itoboe toboe kusudi mtu asije akaichotea maji ya kunywa, na usiichome moto maana moshi wake ni sumu. Mimi naogopa sana hizi chupa, nimeziona kwa watu zinawekwa mpaka maziwa.

Dumu la mafuta sasa, hilo ni gari tayari. Tia maji moto, sabuni ya unga na kokoto kidogo, tikisa mpaka mafuta yatoke, anika juani. Lilaze, mshikio ubaki juu, wewe ndo ukate dirisha na kisu halafu yule wa miaka 7 amalizie na makasi, hizo kingo zinakata vidole kwa hivyo zungushia raba ya tyubu ya baiskeli. Magurudumu kata kwa kandambili zilizokwisha, yanashika chini vizuri kuliko vifuniko vya chupa. Watu wengi wanakosea kwa ekseli, wanatoboa dumu wanapitisha kijiti wanashangaa gari linakwama. Pitisha kwanza bomba la kalamu ya biki lililoisha wino, upande mpaka upande, kijiti kipite ndani ya bomba, na magurudumu yakazwe kwa kijiti, si kwa bomba. Kijiti kikizunguka gari linatembea.

Rangi inabanduka kwa sababu plastiki ni laini na mafuta hayajaisha, rangi haina pa kushika. Sugua na msasa mpaka mng'ao upotee, halafu bandika vipande vya gazeti na gundi ya muhogo: koroga unga wa muhogo kidogo na maji baridi, pika kama uji mpaka uwe mzito, tia chumvi isivunde haraka. Tabaka mbili, acha ikauke siku nzima, ndo upake. Kwa hivyo anza Jumatano.

Vifuniko viweke mbali na kababy. Kitu chochote kinachopita kwenye lile bomba la katoni la toilet paper kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3.

Na tafadhali mama, likipinda liache limepinda. Wa kwangu alipeleka la kwake limeegemea upande, mwalimu mmoja akamwuliza mbele ya darasa kama nyumbani hakuna mtu mzima, mtoto akakaa miezi bila kushika makasi. Kazi ni ya mtoto, wewe kisu tu.

SWALI: Shangazi, binti yangu wa miaka 9 amepanda maua kwa makopo kila mahali kwenye veranda, mvua imeanza na mbu wamejaa. Nitupe? (Baba wa Jinja)

JIBU: Usitupe ndugu yangu, utamvunja moyo. Mbu anahitaji tu maji yaliyosimama na kama wiki moja hivi, basi ameshakuwa mzima. Chukua msumari na nyundo, kila kopo litobolewe matundu manne matano chini, na makopo ambayo bado hayana udongo yageuzwe mdomo chini. Hata vile visahani unaweka chini ya kopo, mwagia nje kila jioni, mpe yeye hiyo kazi.