Re: Kushuka Grand Canyon na kurudi siku moja, Julai

Salaam ndugu. Kama nimekuelewa, mko wanne, wawili watoto, na mnataka kushuka kutoka South Rim (ukingo wa kusini wa korongo hilo la Arizona, Marekani) hadi Mto Colorado ulio chini kabisa na kupanda siku hiyohiyo. Msijaribu. Hata askari wa hifadhi watawashauri msijaribu.

Korongo ni mlima uliopinduliwa: unateremka ukiwa na nguvu, unapanda ukiwa hoi. Juu ni kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, kuna kaupepo kazuri, unajiona shujaa. Chini kabisa Julai joto hupita nyuzi 40.

Sisi tulishuka kwa njia ya miguu iitwayo Bright Angel Trail hadi kibanda cha kwanza cha kupumzikia, kama kilomita 2.4. Kushuka dakika 40, kupanda saa moja na nusu, mwanangu akilia nusu ya njia! Mkiwa na watoto, geuzeni hapo. Anzeni alfajiri, saa nne asubuhi muwe juu.

Kwanza kabisa ulizeni kituo cha wageni kama mabomba ya njiani yanatoa maji, maana hukatika. Na msinywe maji matupu. Bebeni karanga au chochote chenye chumvi.

Kindi watawajia kama ombaomba. Msiwalishe, wanauma.

Mkipumzika, waonyeshe watoto miamba: chokaa ya juu ina miaka kama milioni 270, mwamba mweusi wa chini kabisa unapita bilioni 1.6. Kwangu hiyo ilishinda picha zote.

North Rim, ukingo wa kaskazini, sijafika, wengine waongezee.