Kazi ya ngwe na kazi ya saa

*Shikamoo mwalimu. Babu anasema walilima kutwa na hawakuchoka kama sisi wa kiwandani. Kweli? (Msomaji, Mbagala)*

Marahaba mwanangu. Walichoka sana, ila kipimo kilikuwa kingine. Mkulima akikatiwa ngwe yake, yaani kipande cha shamba alichopimiwa kulima, na kuimaliza saa nne, anafuta jembe anakwenda zake. Kiwanda hakinunui ngwe, kinanunua saa. Richard Arkwright alipoanzisha kiwanda cha kusokota pamba kule Cromford, Uingereza, mwaka 1771, maji ya kuendesha mitambo hayakulala, basi watu wakapangiwa zamu, usiku na mchana, na kengele ya kuwaita. Utotoni, Manzese, jirani yetu alikuwa zamu ya usiku kiwanda cha nguo. Asubuhi mkewe alitundika kanga mbili dirishani kuzuia mwanga, na sisi tukifukuzwa tukacheze rede mbali. Wanawe walimwona macho Jumapili tu. Hilo ndilo badiliko lenyewe: jua lilikuwa la wote, sasa baba ana usiku wake na nyumba ina usiku wake.

*Ni kweli watoto waliajiriwa viwandani Ulaya? (Msomaji, Tabata)*

Kweli kabisa. Mwaka 1833 Uingereza ilipiga marufuku walio chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo. Wa miaka 9 hadi 12 waliruhusiwa saa 9 kwa siku, na hiyo ilihesabiwa huruma! Nina wajukuu wa umri huo. Sheria ile hainipi usingizi.

*Kibarua na barua ni ndugu? (Msomaji, Temeke)*

Ndugu wa damu. Kibarua kilikuwa kijikaratasi alichopewa mtu kuonyesha amefanya kazi siku hiyo, akakipeleka kulipwa. Mwisho jina la karatasi likamwangukia mtu mwenyewe.

*Sisi wa bodaboda mambo ya viwanda yanatuhusu nini? (Msomaji, Kigamboni)*

Yanawahusu. Septemba 1947 makuli wa bandari ya hapa Dar waligoma kudai malipo bora, na mgomo ukafuata reli hadi bara. Waliweza kwa kuwa walikusanyika getini pamoja, wakijua nani anawalipa. Wewe unampelekea bosi hesabu kila jioni, uko peke yako kijiweni. Umerudishiwa ngwe, lakini babu yako aliona mwisho wa ngwe yake tangu asubuhi. Wewe saa tatu usiku bado unamsubiri abiria wa mwisho pale kivukoni.