Kujaribu sheria za mchezo wa Jadotville 1961

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kila mkijaribu mchezo wako wa mezani, askari wa Ayalandi wa Umoja wa Mataifa (UNO) waliopigana na jeshi la Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, hawashindwi. Ni kwa sababu umewapa risasi zisizokwisha! Watu wale, 150 na zaidi, walishikilia Jadotville (Likasi yetu ya leo) tangu tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961 bila kufiwa hata na mmoja. Kilichowaangusha ni kuishiwa risasi na maji. Basi hesabu maji kila zamu. Bunduki zao za rashasha za Vickers zilipozwa kwa maji, kwa hiyo mchezaji achague: askari wanywe, au bunduki iendelee kupiga? Hapo ndipo mchezo wako ulipo. Kikosi cha msaada kilichokwama daraja la mto Lufira usikiweke mezani, dadu inatosha kuamua kama kinafika. Ndege ya kivita ya Katanga, aina ya Fouga, vilevile.

Halafu wape sheria vijana wasiokujua, wewe ukae kimya kabisa. Wakibishana juu ya mstari fulani, uandike upya. Na tafadhali, upande wa Katanga usiuite "maadui". Hapa Lubumbashi wapo ambao wazee wao walikuwa kule. Badilisheni pande kila mnapomaliza.