Miaka kumi ya madaftari yako

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unauliza uiadhimishe vipi miaka kumi ya kuandika maoni yako juu ya kila kitabu ulichosoma, na kama lile wazo la kutoa kijitabu, nakala 20 za kuwagawia jamaa na marafiki, linawezekana kwa kazi ya mkono nyumbani. Linawezekana, tena kwa gharama ndogo. Uzi na karatasi havitakusumbua sana. Kitakachokusumbua ni kuchagua.

Usichague yale uliyoyaandika vizuri peke yake. Utaishia na kijitabu cha sifa tupu, na msomaji atakiweka chini kabla hajafika nusu. Kutoka kila mwaka chagua maandishi matatu: la kitabu ulichokipenda, la ulichokiacha njiani, na la kitabu ambacho leo ungekihukumu vingine. Hilo la tatu ndilo watu watakalolisoma. Usilipambe kwa kuona haya. Sahihisha tahajia tu, kisha chini yake weka mistari miwili mitatu ya italiki yenye tarehe ya sasa. Na ukitaka kurudia kitabu cha mwaka wa kwanza, kisome, andika maoni mapya, ndipo ufungue daftari la zamani. Ukianza na daftari utakuwa unajibizana na nafsi yako, kitabu kimesahaulika pembeni.

Kila nukuu ihakikishe kwenye kitabu chenyewe. Namba za kurasa hubadilika chapa hadi chapa, kwa hiyo taja mchapishaji na mwaka wa nakala uliyoisoma. Kunukuu mistari michache kwa uhakiki, mwandishi akitajwa, hakuna neno; kuchapa shairi zima ni habari nyingine. Kwa Tanzania hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki 1962, muda wake umepita. Mwandishi Euphrase Kezilahabi alifariki 2020, bado sana. Kwenye faharasa, maktaba ingemweka Shaaban Robert kwenye R. Wewe mweke kwenye S, maana nani atamtafuta kwenye R?

Sasa karatasi. A4 moja ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne za A5, hivyo jumla ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Maandishi 30, kila moja ukurasa wake (maneno 220 hivi kwa herufi za ukubwa wa 11), ukiongeza kurasa sita za jina, dibaji na faharasa, unafika 36, yaani karatasi 9. Ukurasa wa 36 hukaa upande mmoja na wa 1, wa 35 na wa 2. Kila jozi hujumlika 37, na isiyofika hapo imekosewa. Programu nyingi za PDF zina chaguo la kupanga kijitabu. Ila kwenye kuchapa pande mbili chagua kugeuza kwa upande mfupi, la sivyo kurasa za nyuma zitatoka kichwa chini miguu juu.

Kwenye duka la steshenari watataka kukupigia stepla. Kataa. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4, na kwa unyevu wa huku pwani pini hushika kutu na kuacha madoa ya kahawia kwenye mkunjo. Shona.

Jalada liwe manila, ile karatasi ngumu, ya gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba. Nunua shiti kubwa, uipinde kidogo bila kuikunja, kwanza upande huu kisha ule. Upande inakopinda kwa ulaini ndiko mkunjo wako uelekee, kwa sababu nyuzi za karatasi zimelala huko. Ukienda kinyume, manila itapasuka mgongoni na kijitabu kitakataa kufunga.

Tandaza karatasi zote zikiwa zimepangana, jalada chini, utoboe kwa msharasi, ile sindano nene ya washona viatu, kwenye mstari wa mkunjo matundu matatu: sentimita 4, 10.5 na 17 kutoka juu. Uzi uwe wa kitani uliopakwa nta, sentimita 55. Uzi wa cherehani ni mwembamba mno, utakata karatasi. Anzia ndani, tundu la kati, utoke nje. Ingia kwa tundu la juu. Ukiwa ndani ruka kati, utoke kwa tundu la chini. Rudi uingie kwa tundu la kati. Ncha mbili zikae huku na huku ya ule uzi mrefu wa katikati, ndipo ufunge fundo juu yake. Wakati wa kukaza, vuta kufuata mgongo. Ukivuta kuelekea kwako, matundu yanachanika.

Ukishakunja utaona karatasi za ndani zimechomoza karibu milimita 1. Ndiyo kawaida. Kata kingo baada ya kushona, kamwe si kabla, kwa rula ya chuma na wembe mpya, mipitisho mingi myepesi. Na pambizo ya nje uiachie tangu mwanzo angalau milimita 15.

Tengeneza moja ya majaribio kwanza, uisome yote na kalamu mkononi, kabla ya kuchapa zilizobaki. Hiyo ya majaribio usiitupe, nitumie mimi.

Mama yako